Sura ya Tano: Kilima Kilichoanza na Waashi

Januari 1922 vijana 14 walianza masomo juu ya kilima cha Makerere, pembeni mwa mji mdogo wa Kampala wa siku hizo. Hawakuja kusoma falsafa wala sheria. Walikuja kujifunza useremala, ujenzi na umakanika, na jioni kila mmoja alirudi kwao, maana ilikuwa shule ya kutwa. Shule hiyo ndiyo iliyokua ikawa chuo alichosoma Julius Nyerere kuanzia 1943 hadi 1945, na baada yake Mwai Kibaki, Benjamin Mkapa na Ngũgĩ wa Thiong'o. Vyuo vikuu vingi duniani vilianzishwa na watu wa dini au wa sheria, na mafundi wakaitwa baadaye kuja kuwajengea. Makerere mafundi ndio waliotangulia.

Habari hii hutajwa karibu katika kila hotuba ya chuo, ila hutajwa haraka. Wasemaji huikimbia kwenda kwenye madaktari, marais na waandishi. Katika sura hii nitaifuata habari ya ujenzi wenyewe: nani alipewa ardhi na nani akainyang'anywa, fedha zilitoka mfukoni mwa nani, na ilikuwaje kilima kilichoanza kwa kufundisha uashi kikakaa miongo mingi bila kumfundisha mtu yeyote kubuni wala kujenga nyumba.

Tuanze na tofali, kwa sababu Buganda, ufalme ambao Kampala imo ndani yake, ni nchi ya tofali. Kampala ni vilima vilivyotenganishwa na mabonde yenye maji, na humo mabondeni mna udongo wa mfinyanzi. Fundi huuchimba, huumwagia maji na kuukanyaga kwa miguu mpaka ulainike, kisha huujaza kwenye kalibu ya mbao, husawazisha juu kwa mkono na kuipindua. Tofali bichi halianikwi juani moja kwa moja, litapasuka. Hufunikwa kwa nyasi likauke polepole. Yakishakauka hupangwa kuwa tanuri refu kuliko mtu, huku chini yakiachwa mahandaki ya kutilia magogo. Tanuri hukandikwa tope nje, huwashwa moto, na mafundi hukesha wakichochea. Matofali yaliyokaa katikati hutoka mekundu na magumu. Ya pembezoni hutoka yakiwa na rangi ya kupauka, na ukiligonga moja kwa jingine husikii mlio. Fundi mwenye heshima na kazi yake huyatenga hayo.

Mwanafunzi wa uashi hujifunza kwanza kuyajua matofali hayo kwa sikio, kisha kushika mwiko, kuvuta uzi kutoka pembe hadi pembe, kuning'iniza timazi na kusoma pimamaji. Hujifunza kwamba kosa la unene wa kucha kwenye mstari wa kwanza huwa kosa la upana wa kiganja ukuta ukifika linta. Haya yanahitaji hesabu na jiometri, na yanahitaji subira ambayo vitabu peke yake havimpi mtu. Waliopeleka vijana Makerere mwaka ule walikuwa na nia finyu, bila shaka: serikali ya kikoloni ilitaka mafundi wa bei nafuu kwa ajili ya idara zake. Lakini kilichofundishwa kilikuwa elimu kamili, na naona haya kusoma maandishi yanayokitaja kana kwamba kilikuwa kitu duni ambacho chuo kilibahatika kukiacha.

Kiliachwa upesi. Shule ikaitwa Chuo cha Ufundi cha Uganda, na ndani ya miaka michache yakaongezwa masomo ya utabibu, kilimo, mifugo na ualimu. Wasaidizi wa madaktari wakawa wanakwenda Mulago, kilima cha jirani chenye hospitali. Kadiri masomo hayo yalivyopanda hadhi, ufundi ulisukumwa pembeni na hatimaye ukaondoka kilimani. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na Lord De La Warr ilikuja kutoka Uingereza kuchunguza elimu ya juu Afrika Mashariki, ikapendekeza Makerere iinuliwe iwe chuo cha elimu ya juu kwa nchi zote za eneo hili. Kuanzia hapo Makerere haikuwa tena ya Uganda peke yake. Tanganyika, Kenya na Zanzibar nazo zikapeleka vijana wao huko.

Chuo cha nchi nne kilihitaji jengo la kuonekana. Hilo ndilo Jengo Kuu, lililofunguliwa 1941: kuta nyeupe, mabawa mawili yaliyonyooka kushoto na kulia, mnara wa saa katikati, na mbele yake uwanja mpana wa majani ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Ni jengo la watu waliotaka kusema kwamba wako hapa kwa muda mrefu. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha kuanza. Kiwanda cha saruji cha Tororo hakikuwapo bado, kilikuja miaka ya 1950, kwa hiyo vifaa ambavyo nchi haikuvitengeneza vilishushwa melini Mombasa, vikapakiwa kwenye reli iliyokuwa imefika Kampala miaka kumi tu kabla, mwaka 1931. Katika hesabu ya jengo lile wamo makuli wa Kilindini, wapiga mataruma wa njia ya reli na wachimba udongo wa mabondeni.

Wamo pia wakulima. Hazina ya Uganda wakati ule ilitegemea pamba kuliko kitu kingine chochote, na baadaye kahawa. Mkulima wa Busoga au Teso aliyepeleka magunia yake kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikatwa kodi ya mauzo ya nje bila kuulizwa. Fedha za Uingereza zilikuja, na hasa baada ya vita ziliongezeka, ila hata hizo zilikuja juu ya mabega ya mkulima wa jembe la mkono. Nyerere alilielewa jambo hili mapema kuliko wengi. Katika hotuba za miaka ya mwanzo ya uhuru alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Naamini sehemu ya fikra hiyo aliipata akiwa kijana wa Butiama anayelala katika bweni la kilima kile, chini ya mnara ambao saruji yake ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Fedha zilipatikana. Ardhi ndiyo iliyomwaga damu.

Kwa Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Buganda iligawanywa kuwa mali ya watu binafsi, machifu na wakuu wa koo, kwa mtindo unaoitwa mailo. Baada ya hapo kipande cha kilima kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na hati. Makerere ilipotaka kupanuka miaka ya 1940 iligonga mipaka ya mashamba ya watu. Wengine hawakutaka kuuza, na sababu zao zilikuwa nzito. Waganda walikuwa wakitazama ng'ambo ya mpaka, Kenya, wakaona jinsi nyanda za juu zilivyochukuliwa na walowezi. Serikali ya kikoloni iliposema inataka ardhi kwa manufaa ya umma, watu walijiuliza umma gani, na baada ya chuo kitafuata nini.

Januari 1945 Buganda ilitikiswa na migomo na ghasia. Katikati ya mwaka Martin Luther Nsibirwa akarudishwa kuwa Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, mfalme wa Buganda, cheo alichokuwa amekipoteza 1941. Alirudi akiwa na kazi moja isiyokwepeka: kupitisha sheria ya kuiwezesha serikali ya Kabaka kutwaa ardhi kwa lazima kwa ajili ya mambo ya umma. Makerere ilikuwa mbele kwenye orodha, na kituo cha utafiti wa pamba cha Namulonge kilikuwamo. Lukiiko, baraza la Buganda, liliipitisha tarehe 4 Septemba 1945. Kesho yake asubuhi Nsibirwa alikwenda kusali katika Kanisa Kuu la Namirembe, kwenye kilima kisicho mbali na Makerere. Alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa, akafa.

Leo moja ya mabweni ya Makerere linaitwa Nsibirwa. Zamani liliitwa Northcote, kwa jina la mwenyekiti Mwingereza wa baraza la chuo. Kubadili jina lile ilikuwa haki. Lakini haki nyingine bado haijatendeka, nayo ni kuwakumbuka wale waliokataa. Katika simulizi ya chuo wao wamebaki kuwa wapinga maendeleo. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeshikilia shamba lake mwaka 1945, akijua yaliyowapata majirani zake Wakikuyu, alikuwa anasoma historia sawasawa, hata kama chuo kilichojengwa juu ya shamba lile kilikuja kuwasomesha wajukuu zake. Mauaji ya Nsibirwa hayana utetezi. Hofu iliyoyazaa ilikuwa na msingi, na ni lazima mambo hayo mawili yasemwe pamoja.

Mwaka huohuo, 1945, wanawake wa kwanza walipokewa chuoni. Walikuwa sita. Hadi hapo kauli mbiu ya chuo ilikuwa inawahimiza wanafunzi wawe wanaume. Ikabidi ibadilishwe, na iliyochaguliwa inazungumzia kujenga kwa ajili ya wakati ujao. Miongoni mwa wanawake hao wa mwanzo alikuwamo Sarah Nyendwoha, binti aliyetaka kusoma hisabati na kukataliwa na mwalimu asiyetaka kufundisha wanawake. Alikwenda Oxford, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada, na baadaye akaolewa na Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha katika shule ya sanaa ya hapohapo Makerere.

Kumpokea mwanamke kulimaanisha kumjengea. Chuo cha wanaume watupu huhitaji mabweni ya aina moja. Chuo chenye wanawake hulazimika kufikiri upya habari ya milango, ngazi, bafu, taa za njiani na umbali kati ya bweni na maktaba. Aliyeshikilia bango hilo alikuwa Mary Stuart, mke wa askofu wa Kianglikana wa Uganda, Cyril Stuart, na bweni la wanawake likapewa jina lake. Bweni hilo baadaye likawa la ghorofa nyingi, refu, la zege, tofauti kabisa na majengo ya mwanzo ya chini yenye vigae. Jirani yake likasimama bweni la wanaume la Lumumba, refu vilevile. Mgeni anayepanda kutoka Wandegeya, mtaa wa chini ya kilima, akitazama paa za kilima anaweza kuona kwa macho zama mbili: za vigae vyekundu na miti, na za zege iliyoamua kwenda juu kwa sababu ardhi ilikuwa imekwisha kuwa ghali, kwa fedha na kwa zaidi ya fedha.

Majina mengi ya mabweni yalipangana bila kufutana. Mitchell ni gavana wa Uganda wa miaka ya 1930. Livingstone ni mmisionari mtembezi. Lumumba na Nkrumah hawahitaji kuelezwa. Kwingineko uhuru ulipofika vibao vya zamani viling'olewa vyote, hapa baadhi viliachwa, na nadhani ni vizuri, kwa sababu mwanafunzi anayeulizwa "unakaa wapi?" hujikuta anataja historia nzima ya karne kabla hajafika chumbani.

Makerere ikawa Chuo Kikuu kishiriki chini ya London mwaka 1949, na 1963 ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hapa ndipo habari ya waashi wetu inapopata jeraha lake kubwa. Nchi tatu zilikubaliana kutorudia vitivo vya gharama: udaktari ukabaki Makerere, sheria ikawa Dar es Salaam, na uhandisi pamoja na usanifu majengo vikakaa Nairobi. Mpango ulikuwa wa busara na wa undugu, na ningependa Afrika Mashariki ya leo iwe na nusu ya busara hiyo. Lakini matokeo yake kwa kilima kilichoanza na ujenzi yalikuwa kwamba kijana wa Uganda aliyetaka kusomea ujenzi alipanda treni kwenda Kenya.

Dar es Salaam nayo ilikuwa inajenga. Chuo chake kilianza Oktoba 1961 ndani ya jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, kikahamia mwaka 1964 kwenye kilima ambacho sasa nchi nzima inakiita Mlimani. Waliokiongoza na kukipigania walikuwa wanaifahamu Makerere kwa kuishi ndani yake. Tofauti iliyopo kati ya vilima hivi viwili ni ya kihistoria: Makerere ilikua kwa kuongeza chumba baada ya chumba kadiri mahitaji yalivyojitokeza, Mlimani ilichorwa ramani ikiwa pori tupu kisha ikajengwa kwa mkupuo. Ndiyo maana Mlimani barabara zake zinaeleweka siku ya kwanza, na Makerere inabidi uonyeshwe njia.

Muungano wa vyuo ulivunjika 1 Julai 1970, na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Mwaka huohuo Makerere ilianzisha Kitivo cha Teknolojia. Uhandisi ulirudi kilimani, karibu nusu karne baada ya vijana wale 14. Haukupewa nafasi ya kupumua. Januari 1971 Idi Amin alichukua nchi, na Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia ndani ya siku 90. Walioondoka hawakuwa wenye maduka pekee. Waliondoka wakandarasi, wachora ramani, wauza nondo na vigae, na mafundi Kalasinga waliokuwa na ujuzi wa vizazi wa kuezeka na kuchomelea. Chuo kinachotegemea soko la vifaa na mafundi hakiwezi kuziba bomba lililopasuka soko hilo likitoweka. Oktoba mwaka huo askari walimchukua Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, nyumbani kwake palepale chuoni. Hakurudi. Mwaka 1976 Theresa Nanziri Bukenya, mlezi wa bweni la wanawake la Africa Hall, aliuawa akiwa mjamzito, wakati kukiwa na uchunguzi wa kutoweka kwa Esther Chesire, mwanafunzi Mkenya wa bweni lake. Siku za namna hiyo hakuna anayejenga. Mvua ikipenya paa, inapenya.

Watu wanaozungumzia uchakavu wa Makerere wa miaka ya 1980 huulaumu uzembe. Uzembe ulikuwapo, lakini jengo la tropiki halina muda wa kumsubiri mwanadamu. Kampala ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka na jua la ikweta katikati yake. Kigae kimoja kikivunjika, maji huteremka kwenye kenchi. Mbao ikishalowa, mchwa na ukungu hufuata. Dari hubonyea, nyaya za umeme hulowa, rangi hubabuka, na mwisho chokaa ya ukutani huanguka kwa vipande. Kurekebisha kigae siku ya kwanza ni kazi ya mtu mmoja na ngazi. Kurekebisha baada ya miaka kumi ni mradi unaohitaji mfadhili. Bajeti zetu za umma, Uganda na kwingineko kwetu, zina kifungu cha jiwe la msingi na utepe, kisha zinasahau kifungu cha ngazi.

Mwaka 1992 ulileta badiliko ambalo lilijenga kuliko serikali yoyote, na lilijenga nje ya uzio. Chuo kilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia. Idadi ikapanda kutoka maelfu machache hadi kupita 30,000 katika muongo uliofuata. Vyumba vilivyochorwa kwa mtu mmoja au wawili vikaingizwa vitanda vya ghorofa. Kumbi zikajaa mpaka wanafunzi wakasikiliza wakiwa wamesimama madirishani. Na wenye viwanja vya Kikoni, Wandegeya na Nakulabye wakaona kilichokuwa kinakuja: wakapandisha hosteli za ghorofa tatu, nne, tano, kila moja na jina lake kubwa kwenye kibao na tangi jeusi la maji juu ya paa. Wajukuu wa watu walioogopa kupoteza ardhi kwa chuo wakawa wanapokea kodi kutoka kwa wanafunzi wa chuo. Wandegeya ikanona kwa biashara ya usiku, chapati iliyokunjwa na mayai inayoitwa rolex ikawa chakula cha taifa, na korongo wakubwa ambao Waganda huwaita kalooli wakaendelea kukaa juu ya miti ya chuo wakitazama majalala yakiongezeka.

Sina chuki na hosteli hizo. Zimehifadhi watoto wa watu wakati dola haikuweza. Lakini zilijengwa haraka, zikibanana ukuta kwa ukuta, na ni vigumu kumwambia mzazi wa Masaka au Bukoba kwamba mtoto wake anaishi chuoni wakati anaishi kwenye uchochoro.

Katikati ya hayo jambo moja lilifanyika kimya. Mwaka 1989 Makerere ilianza kufundisha usanifu majengo. Hesabu ni rahisi: miaka 67 tangu kijana wa kwanza ashike mwiko pale. Mmoja wa waliolikuza somo hilo ni Barnabas Nawangwe, msanifu aliyesomea Kyiv, ambaye mwaka 2017 akawa Makamu Mkuu wa Chuo. Karibu na wakati huo yalikamilika majengo mawili makubwa ya kufundishia yaliyofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Moja lilipewa jina la Yusuf Lule, Mwafrika wa kwanza kuongoza chuo na baadaye rais wa Uganda kwa siku 68. Jingine lilipewa jina la Kalimuzo. Kwa mtu ambaye familia yake haikupata kaburi, jengo lenye jina ni jambo zito.

Kisha ukaja moto. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu liliungua. Vyuo vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa sababu ya UVIKO-19 na kilima kilikuwa kitupu. Paa la mbao na vigae liliporomoka, ghorofa za juu zikateketea, na pamoja nazo ofisi za fedha na sehemu ya kumbukumbu. Kulipokucha watu wa Kampala walisimama kwenye Uwanja wa Uhuru wakitazama madirisha ambayo ndani yake palikuwa na anga. Waliolia hadharani walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kusoma pale hata siku moja.

Jengo la zama zile lina tabia yake motoni. Kuta zake za matofali ndizo zinazobeba uzito. Paa na sakafu za mbao hufanya kazi ya pili ya kuzishika zisiyumbe. Mbao zikiungua, ukuta mrefu unabaki umesimama peke yake, na joto limekwisha kuufanya upanuke kisha unywee. Halafu maji ya kuzimia moto na mvua za Oktoba huingia ndani ya tofali ambalo kwa karibu miaka 80 lilikuwa kavu. Kwa macho ukuta unaonekana mzima. Ukipimwa, hauna tena nguvu iliyokuwamo. Ndivyo ilivyokuwa hapa: ilibidi sehemu kubwa ya kuta zilizonusurika zibomolewe. Nawangwe alikuwa ametangaza mapema kwamba jengo litarudi na sura yake ileile, na serikali ikatoa fedha, zaidi ya shilingi za Uganda bilioni 20. Kwa hiyo kazi ikawa kujenga upya, kwa mfumo wa leo, kitu ambacho macho yatakitambua kuwa ni cha 1941. Jengo lilifunguliwa tena 2 Oktoba 2024.

Wapo waliosema ni heri wangejenga la kisasa kabisa, na wapo wanaosema lililopo ni nakala. Hoja ya kwanza siikubali. Kilima kina majengo ya kisasa ya kutosha, na mji unaobomolewa kila siku kama Kampala unahitaji angalau mnara mmoja ambao bibi na mjukuu wanaweza kuuonyeshana. Hoja ya pili ina uzito. Jengo la leo halina matofali ya wale waliotangulia, na kujifanya kwamba lina matofali hayo ni kuwadanganya watoto. Tiba yake ni ndogo. Wanafunzi wa usanifu na uhandisi wa Makerere wana sasa, hatua chache kutoka madarasani kwao, somo la ujenzi lenye zama mbili ndani yake: sura ya mkoloni na mifupa ya Uganda huru. Wapelekwe wakalipime, walichore, waandike palipobadilika na sababu yake, na michoro hiyo ihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja, maana moto wa 2020 ulionyesha kinachotokea karatasi zikiwa chini ya paa moja.

Na kuna jambo la majina. Simulizi za chuo hutaja idadi ya wale vijana wa 1922 kisha huendelea na safari. Waliojenga 1941 hawatajwi hata kwa idadi. Waliopandisha mnara mara ya pili wengi wao wako hai, wanaishi Kampala na pembezoni mwake, wana simu. Mkandarasi ana orodha ya malipo ya kila wiki: waashi, maseremala, wafunga nondo, mafundi umeme, vibarua wa kubeba zege. Pale mlangoni iwekwe miaka yote miwili, 1941 na 2024, na chini yake majina hayo yaandikwe kwa ukamilifu kabla orodha haijapotea.